Siku Niliyosema Wewe ni Mdogo Wangu

Auma, nyathina, mwanangu,

Siku utakayoweza kusoma kurasa hizi bila mtu kukusaidia, ndiyo siku Dani, nyanya yako, atakupa. Nimemwomba asikusomee yeye. Humu mna mambo ambayo hata yeye ameyajua leo tu, na nataka ukiyapata uyapate kwangu, hata kama sitakuwa hapo kuona uso wako.

Saa hii ni mchana. Mvua ya jana imejaza mashimo ya dhahabu maji na hakuna anayeshuka, kwa hivyo saiti yote imenyamaza, hata ile karasha ya kusaga mawe. Wewe umelala, mguu mmoja nje ya blanketi. Dani wako, yaani mama yangu mimi, alifika asubuhi kutoka kwetu Oyugis. Yuko nje mlangoni na Min Okello, yaani mama Okello, jirani yetu, wanachambua mboga. Kesho mapema Dani anaondoka nawe. Mimi nabaki hapa Nyatike.

Mambo ya sweta, ya dawa, ya hiyo tabia yako ya kutaka kulala na viatu, nimemwambia yeye. Sitapoteza karatasi.

Utajiuliza kwa nini sikuandika Dholuo. Dholuo naongea, lakini kuiandika nababaika, hatukufundishwa vizuri. Kiingereza najua, na ndicho kilichoniingiza katika haya yote. Basi imebaki Kiswahili. Darasa la saba mwalimu alikuwa akizisoma insha zangu za Kiswahili mbele ya wenzangu, na mimi najikunja kwenye dawati kama nimeiba kitu. Hivyo ndivyo nilivyo. Ninaweza kuandika kurasa kumi, lakini mtu akiniuliza jina mbele ya watu, ulimi unakauka. Min Okello husema nilizaliwa na mdomo umefungwa, mkunga akasahau kuufungua.

Nina miaka kumi na tisa. Wewe unaelekea mitano. Hesabu utaifanya mwenyewe. Nilikuwa kidato cha pili. Kuhusu baba yako, Dani anajua yote, muulize ukiwa tayari. Hapa naandika kosa langu, si la mtu mwingine.

Watu watakuambia nilifukuzwa nyumbani. Mimi mwenyewe nimewaambia watu hivyo, kwa sababu mtu aliyefukuzwa huhurumiwa na haulizwi maswali mengi. Si kweli. Hakuna aliyenifukuza. Baba yangu alinyamaza miezi mitatu, kisha akanunua beseni la kukuogeshea, akaliweka mlangoni bila neno. Kwake hayo yalikuwa mazungumzo. Mimi ndiye niliyechoka kuonekana. Shamba letu la viazi vitamu liko kando ya njia ya shule. Kila asubuhi wenzangu walipita na sare zao, na mimi nikilala kifudifudi kati ya matuta mpaka wapite, wewe ukiwa mgongoni unalia kwa sababu umefinywa na leso. Siku moja nikasikia kwamba huku Nyatike kuna dhahabu, na hakuna anayemuuliza mwenzake ametoka wapi. Nikaja. Ulikuwa na mwaka na nusu.

Ni kweli hawaulizi. Nilipofika, Min Okello alinipa nyundo na sehemu ya kukaa. Aliniambia, "Wewe ponda. Mambo mengine tutajuana polepole." Wanaume wanashuka shimoni, wanatoa mawe. Sisi wanawake tunayaponda mpaka yawe kokoto, karasha inayasaga yawe unga, kisha tunaosha huo unga kwenye karai na tunatia mekyuri. Vitabuni inaitwa zebaki. Ni kama maji lakini ni nzito, inang'aa kama upande wa ndani wa kopo jipya. Unaikoroga na mkono ndani ya matope, nayo inashika vumbi la dhahabu. Ukishaikamua kwenye kitambaa unabaki na donge, unalichoma, mekyuri inapanda na moshi, dhahabu inabaki. Hatuvai chochote mikononi. Hakuna aliyetuajiri, kwa hivyo hakuna wa kumwomba glavu. Siku shimo likifungwa unarudi nyumbani, na siku likifunguliwa unakuja.

Na watoto wako hapo hapo, kando ya makarai, kwa sababu hakuna mahali pengine.

Wewe uliipenda mekyuri kuliko chakula. Ikidondoka chini inakuwa gololi ndogo ndogo zinazokimbia, ukizisukuma na kidole zinarudiana. Ulikuwa ukizichunga kama ng'ombe. Ulizipa majina. Nilikuona. Nilisema "Auma, wacha," jinsi mtu anavyosema wacha huku anaendelea na kazi yake. Nilijua si nzuri. Sote tulijua kidogo, ila kila mtu alijua ile kidogo ambayo bado inamruhusu kuamka na kuja kazini.

Sasa nije kwa Profesa.

Alikuja mwaka jana, wakati wa kiangazi, kutoka chuo kikuu kimoja Nairobi. Sisi tulimwita Profesa ingawa alikataa, alisema hajafika huko bado. Alikuwa akifanya utafiti kuhusu watu wanaofanya kazi kama zetu, kazi isiyo na barua, isiyo na likizo, ambayo serikali ikihesabu wafanyakazi haituoni. Alitaka kujua siku yetu inaendaje, nani anaamua nani akae wapi, mtu akiumia inakuwaje. Alikuwa mpole. Alikaa juu ya gunia kama sisi, viatu vyake vikajaa matope, hakujipangusa.

Mtu wake wa kutafsiri hakutokea siku hiyo. Yeye hakujua Dholuo, na Kiswahili cha wengi wetu ni cha kununulia sokoni tu. Alikuwa na fomu ya ridhaa ya Kiingereza, hiyo inayosema unaweza kukataa na hakuna kitu utafanyiwa, na wanawake walikuwa wanaitazama kama hati ya kukamatwa. Min Okello akasema, "Huyu msichana wetu anasoma gazeti la kufungia nyama mpaka mwisho. Mpe yeye." Nikapewa. Nikaisoma kwa Kiingereza, kisha nikaisema kwa Dholuo, na jambo la ajabu, ulimi haukukauka. Ilikuwa rahisi kwa sababu maneno hayakuwa yangu. Nilikuwa nayapitisha tu.

Profesa akaniangalia vizuri. "Umesoma mpaka wapi?"

Nikasema, "Form four, madam."

"Na hapa unafanya nini?"

"Nimekuja kumsaidia auntie."

Hakukuwa na auntie wala form four, lakini hayo yalitoka kwa urahisi kama ile fomu. Yeye akasema anatafuta msaidizi wa wiki tatu, na kwamba mtu kama mimi hapaswi kuishia hapa. Auma, hakuna mtu aliyekuwa ameniambia neno kama hilo tangu kidato cha pili. Nilisikia shingo yangu ikinyooka.

Ndipo wewe ukaja mbio kutoka kwenye makarai, matope mpaka viwiko, ukashika sketi yangu.

Profesa akainama. "Na huyu mrembo ni nani?"

Nikasema, "Ni mdogo wangu."

Ndilo hilo. Nimelizunguka kurasa mbili kabla ya kulifikia. Wewe hukuelewa, ulikuwa na miaka mitatu, ulicheka naye, ukampa jiwe. Nilikubandua mikono kwenye sketi yangu nikakuambia kwa Dholuo urudi ukacheze. Nilikurudisha kwenye makarai, Auma. Kwa mkono wangu.

Nilipewa kitambulisho cha kuning'inia shingoni, kimeandikwa msaidizi wa utafiti kwa Kiingereza. Nilikivaa hata Jumapili kanisani. Wanawake walinitania, "Wewe, utalala nacho?" Nililala nacho siku mbili.

Wanawake walikubali kuhojiwa, ila walikataa kurekodiwa sauti. Waliogopa mwenye shimo asije akasikia. Profesa hakuwalazimisha. Akafunga simu yake kwenye mkoba, akasema, "Basi tutategemea mdomo wa Akoth." Alikuwa ananisifu. Maneno hayo yananirudia hata nikiwa naosha vyombo.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Min Okello. Maswali yalienda vizuri mpaka Profesa akauliza, mnapofanya kazi, watoto wadogo huwa wako wapi. Nikauliza kwa Dholuo kama alivyosema.

Min Okello akacheka. "Wako wapi? Si hao anaowaona. Wako hapa na sisi, wanakula na sisi, wanaokota mekyuri na sisi. Mwambie wa kwako ndiye fundi, anaikoroga kama uji. Mwambie tunaogopa. Mwambie Okello wangu mdogo alianza kutetemeka mwaka juzi nikampeleka kwa shangazi yake. Mwambie kama kuna mtu anaweza kutusaidia na chochote, atusaidie na mahali pa kuwaweka."

Alisema yote hayo. Nakumbuka hata mkono wake ulivyokuwa, juu ya goti, na ukucha mweusi uliopigwa na nyundo.

Na mimi nikafikiri, nikisema "wako hapa," Profesa atauliza ni wepi. Atauliza mama zao ni kina nani. Min Okello ameshasema "wa kwako" na ameshakuonyesha kwa kidevu. Nikageuka nikamwambia Profesa, kwa Kiingereza safi cha shule, kwamba watoto wadogo wanaachwa nyumbani na nyanya zao, na hawa anaowaona ni wapita njia, wamekuja kuchota maji.

Akaandika.

Nilidhani hilo ni moja, limeisha. Lakini kesho yake alikuja mwanamke wa pili, swali likawa lile lile, jibu likawa lile lile, na nikaona ya kwamba nikilipitisha kama lilivyo, litapingana na lile nililosema ni la Min Okello, naye Profesa atataka kujua kwa nini. Kwa hivyo nikalibadilisha pia. Na la wa tatu. Wanawake kumi na mmoja, Auma. Kila mmoja alikaa mbele yangu akaeleza jambo linalomnyima usingizi, na kila mmoja niliyachukua maneno yake nikayaweka chini, nikampa Profesa yangu. Mwishoni sikuwa hata nasikiliza. Wengine walitokwa na machozi na nikamwambia Profesa wanalia kwa ajili ya mgongo.

Mtu angenipiga ningejua la kufanya. Lakini walinishukuru. Walisema, "Umetusemea vizuri." Hawakujua Kiingereza.

Profesa aliniuliza kama mimi pia ningependa kuhojiwa, kwa kuwa huwa namsaidia auntie. Nikasema mimi si mfanyakazi. Kwa hivyo nimo katika ule utafiti wote kama mdomo, na mwanamke anayeponda mawe anayeitwa Akoth, mwenye mtoto, hayumo. Nilimfuta mimi.

Miezi ikapita. Alirudi kama alivyoahidi, kutuonyesha alichopata kabla ya kukitoa. Waliweka hema, soda, wakabandika karatasi kubwa zenye michoro. Mimi tena ndiye wa kutafsiri, safari hii kutoka Kiingereza kwenda Dholuo. Alifika kwenye karatasi ya watoto. Alisema kwamba saiti yetu ina jambo zuri, watoto wadogo hawako kazini, nyanya wanawalea, na kwamba ni tofauti na saiti ya ng'ambo ya mto ambako watoto wako kwenye mekyuri, huko ndiko panahitaji kuangaliwa haraka.

Hapo nilikuwa na nafasi. Nilikuwa nimesimama, watu wote wananitazama, wewe uko mapajani mwa Min Okello unanyonya soda kwa mrija. Ningeyasema tu yale aliyosema, kwa Dholuo, bila kuongeza wala kupunguza, na wanawake wangeinuka wenyewe wakasema huo ni uongo. Hata sikuhitaji kuwa jasiri. Nilihitaji kutafsiri tu.

Nikasema, "Anasema watoto ni muhimu sana." Wakapiga makofi.

Baadaye watu wa shirika fulani, waliosoma ripoti, walijenga banda kule ng'ambo ya mto. Lina ukuta, lina mama wawili wanaokaa na watoto, lina tangi la maji. Likajengwa huko kwa sababu karatasi ilisema ni huko. Habari ilipotufikia, wanawake walikasirika.

"Kwani watoto wetu ni wa mbao?" alisema mmoja.

"Tuliongea mpaka tukalia pale," Min Okello akasema. "Nyar Nairobi, huyo binti wa mjini, ametudharau. Alikunywa uji wetu akaenda kuwasaidia wale."

"Wasomi wote ni hivyo. Wanakuja kuvuna."

"Akoth, wewe ulikuwa karibu naye. Alikuwa anaandika kweli, ama alikuwa anachora tu?"

Nikasema sijui. Nilikuwa nimeinama kwenye karai, mikono ndani ya matope mpaka viwiko. Walimtukana mtu ambaye hakukosa lolote isipokuwa kuniamini, na niliwaacha wamtukane.

Sitaki uchukue kutoka hapa kwamba uongo ni mbaya. Hilo utaambiwa shuleni na kanisani, na halitakusaidia siku yenyewe, kwa sababu siku yenyewe uongo hauji na jina lake. Kwangu ulikuja kama heshima. Ulikuja kama mtu anayeniambia sistahili kuishia hapa, na mimi nikakubali haraka sana, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimejiambia kila siku. Nilikuwa nakaa na wale wanawake, nakula nao, wananibebea mtoto, na ndani yangu nilikuwa nahesabu kwamba mimi si wao. Mimi nilisoma. Mimi niko hapa kwa muda. Huo ndio uongo wa kwanza, na ulianza kabla Profesa hajashuka kwenye gari. Ukijipata siku moja unaona haya kwa sababu ya watu wanaokupenda, simama hapo, mwanangu, ujiulize ni nani unayetaka akuone.

Mikono yako ilianza kutetemeka mwezi wa nne. Mwanzo nilidhani ni baridi. Ulishika kikombe na chai ikafanya mawimbi, ukacheka, ukasema, "Angalia, inacheza." Kisha ukawa unalia bila sababu na hulali. Wewe ambaye ulikuwa unalala hata karasha ikiwa inanguruma.

Nilikupeleka zahanati. Daktari wa pale ni kijana tu, amechoka, hakuinua macho kutoka kwenye kadi.

"Anashinda wapi mchana?"

Nikausikia mdomo wangu ukitengeneza jibu. Nyumbani na nyanya yake. Lilikuwa tayari, limezoea njia.

"Na wewe ni nani wake?"

Ulikuwa umelala begani kwangu, kidole kimoja kikirukaruka chenyewe kwenye shingo yangu. Nikasema, "Mimi ni mama yake. Anashinda na mimi saiti. Anacheza na mekyuri. Tangu alipoanza kutembea."

Sasa akainua macho. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinieleza kwamba watatuma vipimo, wataandika dawa, lakini dawa ya kwanza ni kukutoa pale, na hakuna ya pili mpaka ya kwanza ifanyike. Alisema mikono ya watoto wengi hutulia wakiondolewa mapema. Nikamuuliza mapema ni lini. Akasema, "Leo ingekuwa mapema kuliko kesho."

Nilimpigia mama simu nikiwa bado kwenye benchi la nje. Hatukuwa tumezungumza vizuri miaka mitatu. Sikuwa hata nimemaliza kumweleza unavyotetemeka akasema, "Nakuja. Baba yako amesema mje wote wawili. Nyumba ipo."

Mje wote wawili. Hilo ndilo neno ambalo nimekuwa nikiomba kulisikia tangu nilipolala kwenye yale matuta. Na ndilo ambalo leo asubuhi nimelikataa.

Mama yangu alinitazama kana kwamba nimemtemea mate. Alikuwa hata hajakaa. "Mtoto anatetemeka, halafu wewe unabaki kwa mawe?"

"Si mawe, mama."

"Basi ni mwanamume."

"Si mwanamume."

"Kama si mawe na si mwanamume, ni nini? Sema nikuelewe, maana tangu uzaliwe mimi huwa nakisia tu."

Nikamwambia. Nilianza na ile "mdogo wangu" na nikaenda mpaka mwisho, nikiangalia vidole vya miguu yangu. Min Okello alikuwa ameingia kuleta sufuria na nilimwona, sikunyamaza. Nilitaka asikie. Nilimwambia yeye pia, kwa Dholuo, moja kwa moja, jibu alilotoa na jibu nililompa Profesa. Nilimwambia banda la ng'ambo lilikuwa lake.

Alikaa chini na sufuria yake. Nilitegemea anipige.

"Sisi sote?" akauliza. "Uliyabadilisha maneno ya wote kumi na mmoja?"

"Wote."

"Hata Min Apiyo, aliyezika mtoto?"

"Hata yeye."

Akafunika uso na leso. Alipoutoa, macho yalikuwa makavu. "Nimekubeba nikidhani nimebeba mtu," akasema. Kisha akaongeza, "Na huyo mwanamke wa Nairobi tulivyomlaani. Unayo namba yake?"

Ninayo. Nilikuwa nimeshampigia, juzi, baada ya zahanati. Profesa hakusema ni sawa, na namshukuru kwa hilo. Alisema ripoti imeshatoka, imesomwa, imetumiwa, na kwamba hawezi kuifuta kwa neno langu tu kama vile hakupaswa kuiandika kwa neno langu tu. Alisema yeye pia alikosa, aliona watoto wale kwa macho yake na akachagua kuamini kilichokuwa rahisi kuandika. Atarudi. Ataleta mtu mwingine wa kutafsiri, na ataanza upya, mwanamke mmoja baada ya mwingine. Lakini anahitaji niwepo, nikae mbele ya kila mmoja na niseme alichosema mwaka jana na nilichokisema mimi. Hakuna mwingine anayejua. Haikurekodiwa popote isipokuwa kichwani mwangu.

Nikamuuliza kama wao watapata banda. Akasema hawezi kuahidi, banda si lake. Anaweza tu kuandika ukweli na kubisha nao milangoni.

Kwa hivyo sijui, Auma. Huenda nikakaa mbele ya wanawake kumi na mmoja, nikatemewa mate mara kumi na moja, na mwishoni kusiwe na chochote. Huenda ikachukua mwezi, huenda ikachukua mpaka mahindi ya Dani yavunwe. Mama yangu anasema hiki ni kiburi kile kile kimevaa nguo nyingine, kwamba bado nataka kuwa mtu wa maana mbele ya wasomi. Nimelifikiria hilo tangu asubuhi na siwezi kumwambia amekosea. Ninachojua ni kwamba kidogo cha hofu yangu kwa watoto waliobaki ni cha kweli, na hicho ndicho ninachokifuata.

Nawe utakua ukiambiwa kwamba mama yako alialikwa nyumbani pamoja na wewe na hakuja. Ni kweli. Utakuwa na haki ya kukasirika, na usikubali mtu akuharakishe kuacha. Mimi sitakuomba msamaha humu ndani, kwa sababu mtoto akiombwa msamaha na mama yake hana nafasi ya kukataa. Nitakuja kukuomba ukiwa mkubwa wa kuweza kusema hapana.

Lakini sababu uijue, uijue sawasawa. Wewe una Dani. Una nyumba Oyugis, na mzee asiyejua kuongea lakini anajua kununua beseni. Nilipopiga simu, kulikuwa na mtu wa kusema nakuja. Asubuhi ya kesho kutwa jua likitoka, mashimo yatakuwa yamekauka, karasha itaanza, na pale kando ya makarai kutakuwa na watoto saba. Nimewahesabu. Mdogo kabisa ni wa Min Apiyo, amejifunza kusimama wiki iliyopita, anajishikilia kwenye ukingo wa karai. Mama zao waliomba mahali pa kuwaweka. Waliomba kwa sauti, mbele ya mtu aliyekuwa na kalamu, na aliyekuwa katikati ni mimi.

Wewe nimekutoa. Wao bado wako pale, na wako pale kwa mdomo wangu.

Mama yako,
Akoth